Safari ya baiskeli na marafiki wakati wa baridi: panga kuanzia kwenye kikombe cha kahawa

Watu wengi wakipanga safari ya baiskeli ya kundi huanza na njia: tutapita wapi, kilomita ngapi, kuna mlima au hakuna. Wakati wa joto utaratibu huo haudhuru. Kwenye baridi unawaponza watu, kwa sababu mwendo wenyewe si tatizo. Ukiwa unakanyaga pedali mwili unajipasha moto. Taabu huanza mnaposimama, na huzidi mnapoondoka tena, fulana imelowa jasho na vidole vimeshazoea joto la kikombe. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia mezani, mkahawani, ndipo urudi nyuma hadi mlangoni kwako.

Ninachozungumzia ni safari ya starehe: watu wanne hadi wanane, saa mbili au tatu kwa jumla, joto likiwa kati ya sifuri na nyuzi nane hivi, na hakuna anayeshindana na mwenzake.

Hatua ya 1: Chagua mkahawa kabla ya njia

Mkahawa uwe mbele kidogo ya katikati ya safari, karibu na theluthi mbili. Kama mzunguko ni kilomita 36, kahawa iangukie kati ya kilomita ya 22 na ya 25. Kipande cha baada ya kahawa ndicho kigumu kuliko vyote, basi kifupishe. Mwendo wa dakika 40 au 45 unatosha: mwili unapata joto tena, na kabla hamjaanza kulowa mara ya pili mmeshafika. Wapo wanaoweka kahawa mwisho kabisa wa safari ili wasirudi tena barabarani. Kwa mtu anayeanza kuzoea baridi sioni ubaya, ila saa mbili mfululizo bila kupasha vidole ni nyingi mno, na mazungumzo ya kurudi nyumbani baada ya kahawa huwa matamu kuliko ya kwenda.

Kisha tazama utabiri wa upepo. Tokeni mkiukabili, rudini ukiwasukuma mgongoni. Mkifanya kinyume, mtakwenda kwa raha na kutokwa jasho bila kujua, halafu mrudi na nguo zenye unyevu mkipigwa upepo kifuani. Baridi ya namna hiyo ndiyo inayowafanya watu waape kuwa hawarudii tena.

Mkahawa wenyewe usiuchague kwa kahawa peke yake. Hakikisha unafunguliwa siku hiyo, kwani maeneo mengi hupunguza saa za kazi majira ya baridi. Piga simu siku moja kabla, waambie mko wangapi na kwamba mtakuja na viatu vyenye matope. Wengi hufurahi kuambiwa mapema na watawawekea meza. Iwepo sehemu ya kufungia baiskeli ambayo mtu aliyekaa ndani anaiona dirishani. Kukaa nje, hata kama kuna hita juu ya meza, msikubali. Hita ya nje inapasha utosi na kuiacha miguu ikiganda.

Mapatano haya kati ya waendesha baiskeli na wenye migahawa ni ya zamani. Chama cha watalii wa baiskeli kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1878 kilikuwa na nembo ya gurudumu lenye mabawa, ikibandikwa kwenye nyumba za wageni zilizokubali kuwapokea wanachama wake, na baadhi ya vibao hivyo bado viko ukutani.

Mwisho, uwe na mkahawa wa akiba ulio karibu zaidi na nyumbani. Mtu akianza kutetemeka kwenye kilomita ya 12, hutaki kuanza kutafuta kwa simu huku vidole havibonyezi kioo.

Hatua ya 2: Njia na saa

Punguza umbali mliozoea wakati wa joto kwa theluthi moja, na punguza mwendo pia. Hewa baridi ni nzito kuliko ya joto: kwenye sifuri uzito wake unazidi ule wa nyuzi 20 kwa asilimia 7 hivi, na nguo nene zinaikamata zaidi. Mkipata kilomita 17 au 18 kwa saa mko sawa kabisa.

Badala ya kwenda mbali kisha kurudi, chora njia inayozunguka mji au kijiji chenu, au umbo la nane linalopita karibu na nyumbani katikati. Kila wakati pawepo njia ya mkato ya kumrudisha mtu aliyechoka bila kuwaharibia wenzake.

Saa ya kuondoka iwe saa nne asubuhi, si saa moja. Barafu nyembamba iliyojishika kwenye lami usiku huhitaji muda wa jua ili iyeyuke, na jua la majira ya baridi ni la uvivu. Hesabu pia saa ya kurudi: mwe nyumbani saa moja nzima kabla ya giza, maana jua likishuka tu lami yenye maji huanza kuganda upya.

Kwenye ramani weka alama kwenye madaraja yote. Daraja huganda kabla ya barabara nyingine kwa sababu hewa baridi inalipiga juu na chini, ilhali barabara ya kawaida ina ardhi chini yake inayotunza joto. Sehemu nyingine za kuogopwa ni kona zilizofunikwa na miti au kuta, miteremko inayotazama upande usiofikiwa na jua, na mahali maji yanapovuka barabara kutoka shambani. Zikiwa nyingi kwenye njia moja, badilisha njia.

Hatua ya 3: Waalike watu, na uwaambie ukweli

Ujumbe mmoja uliojaa unashinda ujumbe ishirini wa kuulizana. Mfano:

“Jumapili saa nne kamili asubuhi. Kilomita 36, mwendo wa kupiga soga, hatumwachi mtu nyuma. Kahawa kwenye kilomita ya 23. Madigadi na taa ni lazima. Leteni fulana kavu na glavu za pili. Nitathibitisha hali ya barabara saa moja na nusu asubuhi. Kukiwa na barafu, tunakunywa kahawa tu, tunaenda kwa miguu.”

Sentensi ya mwisho ina kazi kubwa. Mtu akijua kuwa urafiki na kahawa viko palepale hata baiskeli zikibaki nyumbani, hatang'ang'ania kuendesha kwenye barafu ili asionekane mwoga. Wekeni pia kiwango kabla ya siku yenyewe: kwa kundi la kawaida lenye tairi za kawaida, kama usiku joto limeshuka chini ya sifuri na barabara ina maji, hamtoki mpaka mmoja wenu aende akaguse lami kwa kiatu.

Gaweni kazi mbili tu: anayeongoza na anayefunga msafara. Anayeongoza aijue njia. Anayefunga msafara awe mtu mwenye nguvu na moyo mpole, kwa sababu atakaa na mtu wa mwisho safari nzima na hapaswi kumwonyesha kuwa anasubiri.

Hatua ya 4: Mavazi

Hapa ndipo safari nyingi hufaulu au kuharibika, basi tukae kidogo.

Mwendesha baiskeli hujitengenezea upepo wake mwenyewe. Kipimajoto kikisema nyuzi 5 nawe unakwenda kilomita 25 kwa saa, ngozi iliyo wazi inahisi kama sifuri. Kikisema sifuri na mteremko ukakufikisha kilomita 45 kwa saa, unahisi kama nyuzi 8 chini ya sifuri. Kwa hiyo vaa kwa ajili ya kuzuia upepo kuliko baridi. Koti zito la kutembelea mjini litakuchemsha mlimani na kukulowesha; koti jembamba linalozuia upepo kifuani na kupumua mgongoni litakufaa zaidi.

Ndani kabisa vaa fulana ya kubana ya sufu au ya sintetiki. Pamba hapana. Pamba inakunywa jasho na kulishikilia, na baada ya kahawa utaijua rangi yake. Katikati vaa nguo yenye manyoya mepesi, juu koti la kuzuia upepo lenye zipu ndefu. Zipu ni muhimu kama koti lenyewe: mlimani unafungua, na kabla ya kuanza kushuka unafunga hadi kidevuni. Funga ukiwa bado juu, mikono ingali na joto. Ukisubiri hadi katikati ya mteremko utakuwa unaendesha kwa mkono mmoja huku machozi yanakutoka.

Kipimo cha kujua kama umevaa sawa ni dakika kumi za mwanzo: unapaswa kusikia baridi kidogo. Ukitoka mlangoni ukiwa na raha tele, umezidisha, vua kitu kimoja.

Mikono na miguu ndiyo inayoumia kwanza, kwa sababu mwili ukibanwa na baridi hupunguza damu ya pembeni ili kulinda viungo vya ndani. Ina maana kifua kikipata baridi, hata glavu nzuri hazitakusaidia. Pasha kiwiliwili kwanza. Kwenye miguu, kosa la kawaida ni kuvaa soksi mbili ndani ya kiatu kilekile. Kiatu kinabana, damu haipiti, vidole vinaganda haraka kuliko kwa soksi moja. Vaa soksi moja ya sufu na kifuniko cha kiatu kinachozuia upepo na maji. Kama viatu vyako vina chuma cha kujifunga kwenye pedali, tazama soli kwa ndani: matundu ya skrubu huingiza baridi na maji, zibeni kwa utepe wa gundi.

Kofia nyembamba chini ya helmeti ifunike masikio. Yale maneno kwamba sehemu kubwa ya joto la mwili hupotea kupitia kichwani si kweli; kichwa hupoteza joto takriban kulingana na ukubwa wake. Lakini masikio na paji la uso huuma kweli, na hiyo ni sababu tosha. Hakikisha helmeti bado inakaa sawasawa juu ya kofia, mikanda irekebishwe usiku wa kabla.

Halafu mfuko wa akiba, ambao kwangu mimi ndio unaotenganisha mzoefu na mgeni: fulana moja kavu ya ndani na glavu za pili, vyote ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Havizidi ukubwa wa ngumi mbili. Kazi yake tutaiona mkahawani.

Hatua ya 5: Baiskeli

Tairi pana kadiri fremu inavyoruhusu, upepo kidogo kuliko wakati wa joto. Lakini angalia mahali unapojazia. Ukijaza ndani ya nyumba yenye nyuzi 20 kisha ukatoka kwenye sifuri, tairi la psi 60 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo ndani ya tairi) litapungua karibu psi 5 lenyewe, bila pancha. Usije ukapunguza mara mbili.

Madigadi ni adabu kwa wenzako kabla ya kuwa kinga kwako. La nyuma liwe refu, lishuke hadi karibu na chini, vinginevyo anayekufuata atakunywa tope lako njia nzima. Asiye na madigadi akae nyuma kabisa, na asinune.

Cheni ipake mafuta mazito ya hali ya mvua, kisha ufute yaliyozidi. Breki za kubana rimu hupoteza nguvu zikilowa, hivyo zishike kidogo mapema ili zifute maji kabla hujahitaji kusimama kweli. Taa mbele na nyuma ziwake hata mchana. Betri za taa na simu huisha haraka kwenye baridi. Simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Pancha huongezeka barabara zikiwa na maji, kwa sababu maji hubeba vipande vya vioo hadi pembeni mwa njia na kuvifanya vipenye mpira kwa urahisi. Kundi liwe na tyubu mbili za akiba kwa uchache, vibao vya kutolea tairi na pampu ya mkono. Tyubu mpya ndiyo njia. Kubandika kiraka barabarani na mikono iliyokufa ganzi ni kujitesa, kiraka utakibandika nyumbani. Wakati mmoja anatengeneza, wengine wasisimame kumzunguka kama walio msibani. Watembee, warukeruke, mmoja amshikie taa.

Kama mnakoishi barabara zina barafu miezi mitatu mfululizo, ushauri wangu wote juu ya kuahirisha haukuhusuni sana; ninyi mnahitaji tairi zenye misumari midogo ya chuma. Oulu, kaskazini mwa Finland, watu huendesha majira yote ya baridi juu ya theluji iliyoshindiliwa, na mkutano wa kwanza wa kimataifa wa kuendesha baiskeli wakati wa baridi ulifanyika huko mwaka 2013. Ukiwa na tairi moja tu la namna hiyo, lifunge mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza mara nyingi unaweza kujiokoa, la mbele likiteleza umeshaanguka.

Hatua ya 6: Barabarani

Dakika kumi na tano za kwanza ni za gia nyepesi na mwendo wa chini. Baada ya hapo anayeongoza achukue kasi ya yule anayepumua kwa nguvu kuliko wote. Kipimo ni mazungumzo: mtu akianza kujibu kwa neno moja moja, punguzeni.

Achianeni nafasi kubwa kuliko wakati wa joto, angalau urefu wa baiskeli mbili, na usiruhusu gurudumu lako la mbele lipite ubavuni mwa gurudumu la nyuma la mwenzako. Kufuatana karibu ili kukwepa upepo si kazi ya siku hii. Tena anayejificha nyuma muda mrefu hufanya kazi ndogo na huanza kupoa. Badilishaneni nafasi, hata walio wadogo wa nguvu wapate zamu fupi mbele wakiutaka.

Maneno ya kupaza yawe machache na yapokelewe na kila mtu hadi nyuma: “Gari nyuma!”, “Shimo kushoto!”, “Tunasimama!”, “Barafu!” Wakati wa baridi sauti ni bora kuliko ishara za mkono, kwa kuwa mkono ubaki kwenye usukani. Kuendesha wawili wawili kutegemee sheria za mahali penu na upana wa barabara.

Ukijikuta juu ya barafu, kwa mfano darajani: acha breki zote mbili, acha kukanyaga, shika usukani kwa wepesi, tazama mbele mahali pakavu na uache baiskeli ijiendee yenyewe moja kwa moja. Kukata kona na kubana breki ya mbele ndivyo vinavyoangusha. Kama umeiona mapema, shuka utembee. Mkishuka wote pamoja hakuna wa kumcheka mwenzake.

Kunywa maji hata kama huna kiu, maana baridi huificha kiu. Chupa ya kutunza joto yenye chai ya tangawizi au maji ya moto na asali inanyweka zaidi ya maji baridi.

Hatua ya 7: Mkahawani

Fungeni baiskeli haraka, kwa mnyororo mmoja au miwili ya kuziunganisha zote. Kisha, kabla ya kukaa, nenda msalani ubadilishe fulana ya ndani. Mtu akishakaa hainuki tena, na dakika ishirini baadaye jasho limeshapoa mgongoni. Ukirudi mezani na fulana kavu utaona tofauti papo hapo: mabega yanashuka, unaanza kucheka.

Koti la nje litundikwe wazi kwenye kiti, glavu zilizolowa zikaushwe karibu na hita kama mwenye mkahawa anaruhusu. Vidole vikianza kuchoma damu inaporudi, vumilia, itapita. Usivibandike kwenye kitu cha moto wala usivisugue kwa nguvu. Kushika kikombe kupitia kitambaa, au kuviweka makwapani, kunatosha.

Agizeni wote kwa pamoja na mlipe hapohapo. Kusimama kwenye foleni ya kulipa baada ya kufunga makoti ni kujilowesha jasho upya ndani ya chumba chenye joto. Kuleni kitu chenye wanga, kwa sababu mwili unaojipasha moto unakula akiba yake. Kahawa huanza kusikika mwilini ndani ya nusu saa hivi, kwa hiyo ile ya kwanza itawafaa mkiwa njiani kurudi. Asiyetaka kahawa anywe chai au kakao. Jina la kituo ni kahawa, kazi yake ni joto. Pombe iache. Inafungua mishipa ya ngozi, unajisikia moto usoni huku joto la ndani linakimbia.

Muda ni dakika 30 hadi 40. Zaidi ya hapo misuli inakaza na hamu inaisha. Anayeongoza atoe taarifa dakika kumi kabla, na hapo mambo yafuatane: chupa ijazwe maji ya moto, msalani mara ya mwisho kwani baridi huleta mkojo, shali shingoni, glavu zile za pili zivaliwe mkiwa bado ndani. Helmeti, zipu, kisha mtoke pamoja. Asiwepo mtu wa kusubiriwa nje.

Dakika kumi baada ya kuondoka ndizo mbaya kuliko zote, na wote wajue hivyo. Gia nyepesi, miguu izunguke haraka haraka bila nguvu nyingi. Kama mkahawa uko juu ya mlima na njia inaanza na mteremko, zungukeni kidogo mahali tambarare kabla ya kushuka.

Mtu wa kumwangalia

Kutetemeka ni kawaida na mara nyingi mwendo hukutibu. Dalili za hatari ni nyingine: mtu anaongea kwa ulimi mzito, anashindwa kufunga zipu au kubadilisha gia, anajikwaa akishuka, au ananuna na kujitenga ghafla. Na akiacha kutetemeka ilhali bado ana baridi, hiyo ni dharura. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35 akili yenyewe huchanganyikiwa, hivyo usimuulize kama yuko salama, maana atasema ndiyo. Mwingizeni ndani, mvueni vilivyolowa, mvisheni vikavu, mpeni kinywaji cha moto chenye sukari kama anameza vizuri, na mwiteni gari au huduma ya dharura. Safari yake kwa baiskeli imeishia hapo.

Hatua ya 8: Nyumbani

Usianze na baiskeli, anza na nafsi yako: vua vilivyolowa, oga. Mjulishe anayeongoza kwenye grupu kwamba umefika, asiyejibu apigiwe.

Kisha, siku hiyohiyo, suuza baiskeli kwa maji bila mkandamizo mkubwa. Chumvi inayomwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu hula cheni na skrubu usiku mmoja tu, na pampu ya maji ya nguvu huisukumiza hadi ndani ya beringi. Kausha cheni kwa kitambaa, paka mafuta, chaji taa. Viatu vijaze magazeti yaliyokunjwa, badilisha magazeti baada ya saa moja, na uviweke mbali kidogo na hita ili ngozi isipasuke. Fulana ya akiba na glavu za pili zikishafuliwa, zirudishe kwenye mfuko wake wa plastiki mara zinapokauka.